Roketi iliyonaswa kwenye nyaya: uchambuzi wa Jumamosi moja mjini Omaha

Kisa hiki kinahusu familia moja ya Waafrika Mashariki wanaoishi Omaha, jimbo la Nebraska nchini Marekani, ambayo Jumamosi moja ya mwishoni mwa Aprili ilipanga kumaliza shughuli za wiki mjini na kisha kumpeleka binti yao wa miaka 11 kwenye uwanja ambako klabu ya jamii hurusha roketi ndogo za mfano na kumkaribisha yeyote aliye na roketi yake. Shughuli zote zilimalizika. Roketi ilipaa sawasawa, parashuti ikafunguka, na dakika moja na kitu baadaye ikanasa kwenye nyaya za umeme kando ya barabara, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kuifuata. Nilikuwa pamoja nao tangu asubuhi, kwa kuwa tunaishi jengo moja na nilikuwa nimeomba nafasi kwenye gari lao, na uwanjani huwa ninasaidia kuandikisha warushaji. Swali linalonishughulisha ni hili: ikiwa kila sharti la usalama lilitimizwa, kwa nini roketi ilipotea? Nitaonyesha kwamba kilichoamua mahali itakapoangukia kilikwisha kutokea mjini kabla ya adhuhuri, baina ya mashine za kufulia, dirisha la posta na rafu ya duka, na kwamba uwanjani palibaki nafasi moja tu ya kurekebisha mambo, nayo haikutumiwa.

Asubuhi mjini

Klabu ilifungua uwanja saa tatu asubuhi na ilitarajia kufunga saa tisa alasiri. Familia ilitoka nyumbani saa mbili na nusu ikiwa na mifuko mitatu ya nguo chafu, kwa hesabu kwamba kufua, kupitia posta, kununua chakula na kununua injini za roketi kungewafikisha uwanjani kabla ya saa tano. Hesabu hiyo haikuwa ya kipuuzi; ilisahau tu kwamba Jumamosi ndiyo siku ambayo kila mfanyakazi wa zamu hufua. Kwenye duka la mashine za kufulia tulikuta zile kubwa zote zinazunguka, na waliotutangulia wakiwa wamekalia mifuko yao. Baba wa familia, ambaye ni mwenyeji wa Mwanza na mtu wa kupenda jambo likamilike kabla ya kuanza jingine, alikataa shauri la kuahirisha kufua hadi jioni. Alisema, "Nguo zikirudi chafu nyumbani, kesho kanisani tutavaa nini?" Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na mkewe hakuipinga.

Wakati nguo zinasubiri zamu, mama wa familia alivuka barabara kwenda duka la bidhaa za Kiafrika kununua unga wa mahindi, dagaa, tui la kopo na nyama ya mbuzi. Manunuzi hayo yalienda haraka, lakini yalileta sharti jipya: nyama ilihitaji barafu, kwa hiyo ikabidi wasimame tena kituo cha mafuta kununua mfuko wa vipande vya barafu. Kisha ikaja posta. Kikaratasi kilichoachwa mlangoni kilisema kwamba kifurushi kutoka Mwanza, chenye vitenge vya sherehe ya ukoo, kingetolewa kwa saini na kitambulisho, na dirisha lilikuwa linafungwa saa sita mchana. Hapo hapakuwa na uhuru wa kupanga upya. Posta haimsubiri mtu, na kifurushi kisichochukuliwa kwa wakati hurudishwa kilikotoka. Foleni ilikuwa ndefu, mhudumu alikuwa mmoja, na tulitoka na vitenge muda mfupi kabla ya pazia la dirisha kushushwa.

Ni kwenye foleni hiyo ambapo binti alimuuliza mama yake kama Afrika kuna watu wanaorusha roketi. Mama, aliyezaliwa Malindi, alikuwa na jibu ambalo wenyeji wengi wa pwani ya Kenya wanalo na wengine hawalijui kabisa: kwamba Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa baharini katika ghuba ya Ngwana, kaskazini ya Malindi, na kuanzia 1967 hadi 1988 walirusha kutoka hapo satelaiti kwa roketi za Scout. Moja ya satelaiti hizo, ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, na ikapewa jina la Uhuru. Binti hakuonekana kushangaa sana. Aliuliza kama majukwaa bado yapo, akajibiwa kwamba miguu yake ingali majini, na mazungumzo yakaishia hapo kwa kuwa zamu yetu ilifika.

Injini kwenye rafu

Duka la vifaa vya michezo ya ufundi tulilifikia baada ya saa sita, na hapo ndipo kisa kilipopinda. Ili msomaji aelewe kilichotokea ni lazima aelewe alama tatu zinazoandikwa kwenye kila injini ya roketi ya mfano, kwa mfano A8-3 au C6-5. Herufi hutaja jumla ya msukumo: injini ya A haizidi nyutoni-sekunde 2.5, ya B haizidi 5, ya C haizidi 10, na kila herufi inayofuata huongeza kikomo maradufu. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa nguvu ya msukumo kwa nyutoni. Ya mwisho ni sekunde za kungoja kati ya kumalizika kwa mwako na kulipuka kwa baruti kidogo iliyo upande wa juu wa injini, ambayo kazi yake ni kusukuma pua ya roketi itoke na parashuti ifuate. Injini yenyewe ni bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa sentimita 7 na kipenyo cha milimita 18. Chini ina tundu la udongo wa mfinyanzi, katikati baruti nyeusi iliyoshindiliwa, juu yake tabaka linaloungua taratibu na kutoa moshi ili roketi ionekane, na mwisho ile baruti ya kufyatua parashuti. Hutumika mara moja na kutupwa.

Kwamba kitu hicho kinanunuliwa dukani kama betri za redio, badala ya kutengenezwa na mtoto jikoni, ni jambo lililoanzia katika jimbo hilihili la Nebraska. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk ulio kilomita 180 hivi kutoka Omaha, ambaye pia alikuwa mpenzi wa fataki, alitengeneza roketi ndogo yenye parashuti kwa ajili ya kaka yake Robert, aliyekuwa akirusha ndege za mfano na kutoa mihadhara juu yake. Mwaka 1957 Orville alisoma makala ya G. Harry Stine, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio wa White Sands, juu ya vijana waliokuwa wakijeruhiwa kwa kuchanganya kemikali wenyewe, akamtumia sampuli. Stine aliona hapohapo kwamba dawa ya tatizo ilikuwa imepatikana: mtoto ajenge mwili wa roketi, lakini baruti ishindiliwe kiwandani. Mwaka huohuo alianzisha chama cha kitaifa cha roketi za mfano, na kanuni za usalama zilizotokana na kazi hiyo ndizo zinazofuatwa viwanjani hadi leo. Mashine ya kushindilia injini kwa wingi iliundwa na Vernon Estes huko Colorado mwishoni mwa miaka ya 1950. Ninayataja haya kwa sababu yanaeleza kwa nini kununua injini ni shughuli ya kawaida ya Jumamosi, inayopangwa foleni moja na dagaa na barafu. Na kwa nini, kama shughuli nyingine yoyote, inaweza kuharibiwa na kuchelewa.

Maelekezo ya roketi ya binti yalipendekeza injini ya A8-3 kwa mruko wa kwanza. Kwenye rafu hazikuwepo. Muuzaji alieleza kwamba waliokuja asubuhi wakielekea uwanjani walikuwa wamezimaliza pamoja na zile za B6-4, na zilizobaki zilikuwa C6-5 na C6-7. Maelekezo yaliziruhusu pia injini za C kwa roketi ile, kwa hiyo ununuzi haukuwa kosa la kiufundi. Baba alichukua pakiti ya C6-5, na mantiki yake niliielewa: bei ilikaribiana, kubwa ilionekana kuwa na faida zaidi, na kurudi mikono mitupu kungemvunja mtoto moyo. Alitaka pia pakiti ya ziada ya kumpelekea mpwa wake Mwanza mwezi Juni. Hapo ilibidi nimzuie, maana injini za roketi za mfano haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, iwe ya mkononi au ya kupakiwa, na mzigo wa namna hiyo hunyang'anywa uwanja wa ndege. Wasomaji wanaotuma zawadi nyumbani walizingatie hilo.

Uwanjani

Tulifika saa saba na nusu. Uwanja ni malisho yaliyokatwa, mapana, yenye barabara ya changarawe upande wa kaskazini na nguzo za umeme zinazoifuata barabara hiyo kiasi cha mita 350 kutoka kwenye mitambo ya kurushia. Bendera ya klabu ilikuwa imenyooka kuelekea huko kwenye nguzo. Kipimo cha upepo mezani kilikuwa kinaonyesha mita 6 kwa sekunde, yaani kilomita 22 kwa saa, na kupanda zaidi pepo za ghafla zilipovuma. Daftari la asubuhi lilionyesha mita 2 tu kwa sekunde wakati wa kufungua.

Maandalizi yalikuwa mazuri, na ninayasimulia kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoondoa maelezo mepesi ya kilichofuata. Binti alitoa parashuti ya plastiki yenye upana wa sentimita 30, ambayo ilikuwa imekunjwa tangu wiki iliyotangulia na ilikuwa imeanza kugandamana. Mama yake akatoa kwenye mkoba poda ya mtoto, akaipaka kidogo pande zote mbili, na plastiki ikaachana vizuri. Ni desturi ya warushaji wengi, na yeye alikuwa ameisoma kwenye kijitabu. Kabla ya parashuti ni lazima kuingizwe karatasi laini zisizoshika moto ili baruti ya kufyatua isiiyeyushe. Familia ilikuwa imesahau kuzinunua, na baba akapendekeza zitumike karatasi za chooni zilizokuwa kwenye manunuzi. Mkaguzi wa klabu alikataa kwa upole na kwa sababu ya msingi: karatasi ya chooni hutoka ikiwa inawaka na huanguka juu ya nyasi, na mwezi Aprili nyasi za nyanda za Nebraska bado ni kavu za tangu majira ya baridi. Akawapa karatasi halisi kutoka kwenye sanduku lake. Akavuta mapezi kuona kama yamegandishwa, akatikisa pua kuona kama inatoka bila kukaza wala kulegea, akatia saini.

Roketi ikavishwa kwenye ufito wa chuma wa kurushia, ambao msimamizi aliuinamisha nyuzi chache kuelekea upepo unakotoka. Kiwashio, waya mwembamba unaoingizwa kwenye tundu la injini na kushikizwa kwa kizibo cha plastiki, kikaunganishwa na nyaya za betri. Watu wote wakarudi nyuma ya kamba, umbali unaozidi mita 4.5 ambazo kanuni huzitaka kwa injini za hadi D. Msimamizi akampa binti ufunguo wa usalama, akahesabu kwa sauti kutoka tano, na binti akabonyeza.

Roketi iliondoka mara moja. Kama zinavyofanya roketi zenye mapezi katika upepo, iligeuza pua kuelekea upepo na kupanda kwa mshazari, ikaacha mstari wa moshi mweupe, ikafika juu kabisa na karibu kusimama, na hapo parashuti ikafunguka. Watu wakapiga makofi. Kisha ikaanza kuteremka polepole, huku ikisafiri. Binti alikimbia kuifuata akiangalia juu, na mkimbiaji wa klabu akamfuata ili asivuke barabara. Iligusa waya wa juu kwa kamba za parashuti, ikazunguka mara moja, ikanasa.

Maelezo yanayoshindwa

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa papo hapo ni kwamba injini ilikuwa mbovu au ilikuwa imeharibiwa na joto la gari. Ni kweli kwamba injini za baruti nyeusi zikipitia joto kali na baridi mara kwa mara huweza kupata nyufa ndani, na nyufa zikiongeza eneo linalowaka injini hupasuka. Lakini injini hii ilinunuliwa na kutumiwa katika muda wa saa mbili, na haikupasuka: iliungua kwa muda wake, ikangoja kwa muda wake, ikafyatua. Maelezo ya pili ni kwamba sekunde 5 za kungoja zilikuwa nyingi mno au chache mno. Hilo nalo linakataliwa na macho, kwa kuwa parashuti ilifunguka roketi ikiwa karibu na kilele chake. Maelezo ya tatu, yaliyotolewa na mzazi mwingine kwa kujiamini kupita kiasi, ni kwamba ufito ulipaswa kuinamishwa zaidi. Kanuni huruhusu hadi nyuzi 30 kutoka wima, kweli, lakini roketi nyepesi inayojigeuza yenyewe kuelekea upepo, ikiinamishwa sana, hupaa kwa tao la chini na huweza kufyatua parashuti ikiwa bado inakwenda kasi. Msimamizi alifanya sawa.

Kwa hiyo chombo kilifanya kazi yake yote. Hata masharti yalitimia. Kanuni zinataka upepo usiozidi kilomita 32 kwa saa, ulikuwa 22. Kwa injini ya C zinataka eneo ambalo upande wake mfupi haupungui futi 400, yaani mita 122. Uwanja ulikuwa na zaidi ya mara mbili ya hizo. Roketi ilikuwa ya karatasi na plastiki, chini kabisa ya kikomo cha gramu 1,500 ambacho mamlaka ya anga ya Marekani hutumia kutofautisha roketi zisizohitaji kibali. Mtu anayesoma fomu asingeona popote pa kuweka alama nyekundu.

Hesabu inayoeleza

Kilichokosekana ni hesabu ya kuchukuliwa na upepo, ambayo mtoto wa miaka 11 anaweza kuifanya kwa kalamu. Roketi ile ina uzito wa gramu 34 bila injini. Ikiwa na ganda la injini iliyokwisha kuungua hufika gramu 47 hivi. Uzito huo chini ya parashuti ya sentimita 30 huteremka kwa kasi inayokaribia mita 4 kwa sekunde. Injini ya C huipandisha roketi ya namna hiyo kwa makadirio hadi mita 300, kwa hiyo hukaa hewani sekunde 75 ikishuka. Kwa upepo wa mita 6 kwa sekunde, sekunde 75 ni mita 450. Toa mita 100 hivi ambazo roketi ilikuwa imekwenda kinyume cha upepo ilipokuwa ikipanda, unabaki na 350, na hapo ndipo nguzo ziliposimama. Makadirio haya yanaweza kukosea kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa upepo wa juu huwa na kasi kuliko unaopimwa mezani na kilele hakikupimwa kwa chombo. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba nyaya hazikuwa bahati mbaya. Zilikuwa ndani ya eneo la kutazamiwa.

Sasa badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Roketi ileile, injini ileile ya C, lakini katika upepo wa mita 2 wa saa tatu asubuhi: sekunde 75 mara 2 ni mita 150. Au roketi ileile katika upepo uleule wa saa saba na nusu, lakini kwa injini ya A, inayoipandisha hadi mita 100 tu na hivyo kushuka kwa sekunde 25: 25 mara 6 ni mita 150 vilevile. Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Kuwahi kungeisamehe injini kubwa, na injini ndogo ingekusamehe kuchelewa. Familia hii ilichelewa na, kwa sababu ya kuchelewa kulekule, ikapata injini kubwa. Mambo mawili ambayo kila moja lingevumilika yalizaliwa na mama mmoja, yakakutana hewani.

Kuongezeka kwa upepo nako hakukuwa kioja. Usiku ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hutulia na kujitenga na upepo unaovuma juu. Jua likipanda ardhi hupata joto, hewa ya chini huinuka na kuchanganyika na ya juu, na kasi ya upepo wa juu hushushwa hadi usawa wa nyasi. Kwenye nyanda tambarare zisizo na mlima wala msitu wa kuzuia, na hasa katika majira ya kuchipua ambapo pepo za eneo lile ni kali, tofauti kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana ni kubwa. Wavuvi wa Malindi na wa Ziwa Viktoria wanajua habari za pepo za saa mbalimbali, na wazazi wote wawili wamekulia penye maji. Lakini ujuzi huo haukuitwa kwenye shauri, kwa kuwa wakati wa kupanga siku hakuna aliyeona kwamba kufua nguo kuna uhusiano wowote na upepo.

Nafasi iliyobaki

Nimesema kwamba uwanjani palibaki nafasi moja ya kurekebisha. Injini haikuweza kupunguzwa na upepo haukuweza kuombwa utulie, lakini parashuti iliweza kubadilishwa. Ukizungushia kamba za parashuti kipande cha karatasi yenye gundi katikati ya urefu wake, haifunguki yote, na roketi hushuka kwa kasi zaidi. Ukiiondoa kabisa na kuweka utepe mrefu wa plastiki, roketi nyepesi hushuka kwa mita 7 au 8 kwa sekunde. Kutoka mita 300 ni sekunde 40, na kwa upepo wa siku ile ni mita 240, ambazo ukitoa zile 100 za kupanda unaangukia katikati ya malisho. Mapezi ya plastiki juu ya nyasi yangestahimili. Utepe ulikuwepo kwenye sanduku lilelile la mkaguzi lililotoa karatasi za kukinga moto.

Kwa nini haukutolewa? Kwa maoni yangu, kwa sababu ukaguzi wa klabu unauliza kama roketi itawadhuru watu, na jibu likiwa hapana, kazi imekwisha. Swali la wapi itatua huachiwa mrushaji, na mrushaji mgeni hajui kwamba ameachiwa. Wenzangu kadhaa wa klabu hawakubaliani nami. Wanasema kupoteza roketi ni sehemu ya mchezo, kwamba mkaguzi akianza kuhesabia kila mtu foleni haitakwisha, na kwamba mtoto hujifunza zaidi kwa kupoteza. Hoja ya foleni naikubali. Ya mwisho siikubali, kwa sababu mtoto aliyepoteza roketi bila kuonyeshwa hesabu hujifunza tu kwamba upepo ni mbaya.

Juu ya nyaya

Dakika zilizofuata ndizo zilizokuwa za hatari halisi siku nzima. Binti alisimama chini ya waya akilia. Baba alirudi kwenye gari na kutoa mti wa fagio uliokuwa kwenye manunuzi, na akaanza kuangalia kama akipanda juu ya boneti angeufikisha. Mkimbiaji wa klabu akamsimamisha. Nami nilimwambia, "Kaka, tafadhali, acha. Huo waya hauna ganda." Kanuni za usalama hazina tafsiri mbili juu ya hili: roketi iliyonasa kwenye nyaya za umeme, juu ya mti mrefu au mahali pengine pa hatari haifuatwi. Mti wa fagio uliotoka kuloa kwa barafu iliyoyeyuka, boneti ya chuma, na waya ambao haukuwa na mpira: sihitaji kuendelea. Alishusha ule mti pole pole, na nadhani kilichomshusha hasa ni sauti ya mkewe akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama anavyomwita anapokuwa hana mzaha.

Klabu ilipiga simu kwa shirika la umeme kutoa taarifa ya mahali, kwa kuwa kitu kilicho juu ya waya ni mali ya wenye waya kukishughulikia kwa wakati wao. Familia haikuahidiwa kurudishiwa chochote.

Kilichobadilishwa

Wiki iliyofuata binti alijenga roketi nyingine kwa pesa zake za kusuka nywele za watoto wa jirani, na kabla ya siku ya kurusha walikaa kupanga. Walikubaliana kwamba posta haisogezwi, hivyo ikitokea tena mama ataishughulikia kwa basi. Kufua kutahamia Ijumaa jioni, pamoja na malalamiko yote ya baba. Na injini zitanunuliwa siku za kazi, pakiti ya A kwanza. Binti alidai jambo moja zaidi, ambalo klabu baadaye iliruhusu ajaribu kwa wanaojiandikisha kwenye meza yangu: kadi ndogo yenye mistari mitatu, herufi ya injini, sekunde za kushuka, na kasi ya upepo wa saa hiyo, ambapo mrushaji huzidisha mwenyewe na kuandika idadi ya mita kabla ya kwenda kwa mkaguzi. Wengi huijaza kwa nusu dakika. Wanaopata namba kubwa kuliko uwanja huulizwa kama wanataka utepe, na wapo wanaokataa.